Mfuniko wa Kisima cha Temeke

Mjukuu wangu anatengeneza programu za simu. Juzi karudi hapa Boko amenuna.

"Bibi, tumewaandikia maelekezo yote, watu hawasomi! Wanabonyeza tu."

Nikamwambia kwamba babu yake hakuwaandikia watu hata neno moja, na walimfuata. Akaniuliza alifanyaje. Nikatoka kukaa nje.

Tulikuwa Temeke, enzi za Ujamaa, kisima kimoja uani kwetu na majirani wote wakichota hapo. Ukingo wake haukufika goti, na binti yetu ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mume wangu, seremala wa kutoka Lindi, alikitengenezea mfuniko. Balozi wa nyumba kumi akatangaza kikaoni: ukichota, funika. Watu wakapiga makofi. Kesho yake kiko wazi.

Nilikuwa nawasema. "Nyie macho mmepewa ya nini?"

"Shoga, mwenzangu alikuwa anakuja na ndoo yake. Nimfungie usoni?" jirani ananijibu.

Ndivyo walivyoona. Kumfunikia mtu kisima naye anakuja ilikuwa kama kumfungia mgeni mlango. Basi kila mmoja alimwachia mwenzake, na wa mwisho hakujijua kuwa ni wa mwisho.

Siku moja nilimkuta mtoto ameshika ukingo kwa mikono miwili, anachungulia, anaichekea sura yake majini. Nilimnyakua. Siku ile nilitukana mtaa mzima.

"Mtu mzima abebe dhamana yake!" nilimwambia mume wangu.

"Ni kweli, bibie," akasema, huku anapiga randa. "Lakini mtoto hawezi kungoja mpaka watu wabadilike."

Akatengeneza mfuniko mwingine, wa mninga, mzito, mpana, ameulainisha kama kitanda cha bibi harusi. Halafu lile gogo la mnazi tulilozoea kukalia uani akalipasua kuni. Nilikasirika, nikamuuliza wageni watakaa wapi. Akacheka tu.

Wakaja wanawake na ndoo zao. Walipokwisha kuchota wakatafuta pa kukaa wapige soga, wasukane nywele. Hapakuwa na pengine. Wakafunika, wakakaa. Anayekuja nyuma yao anapiga kelele toka mlangoni: "Nyanyukeni nyie, makalio yameota mizizi?" Wanainuka wanacheka, anachota, anafunika mwenyewe ili naye akae. Hakuna aliyeambiwa kitu.

Jioni wakishaondoka tulikuwa tunakaa sie wawili, mtoto amelala mapajani mwake, maji chini yetu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mie ndiye niliyesema.

Bado nasema mtu abebe dhamana yake. Hilo siliachi. Lakini yule mtoto ndiye mama wa huyu mjukuu.

Maji ya bomba yalipofika kisima kilifukiwa, na miaka baadaye nikamzika mume wangu. Mfuniko nilihama nao, nimeuweka juu ya matofali nyuma ya nyumba. Nakaa upande wangu. Upande wake nawaambia watu wasikae, hawasikii. Juzi mjukuu mwenyewe alinifuata, akakaa papo hapo, simu mkononi.

Nikamwacha. Kwa maneno siwawezi. Angewaweza babu yake tu, kwa kukaa pale.