Upande wa Pili wa Kitabu

Walimu wa shule ile ya mtaa wa Gudele walimwita Mama wa Kusoma, kwa kuwa tangu amani ije kazi yake ilikuwa kuwasaidia kufundisha watoto kusoma. Kiti alicholetewa hakukikalia. Alikusanya gauni lake akaketi chini na watoto, mikono imetulia mapajani, na kosa la mwalimu hakulitaja mbele yao. Alingoja watoke nje, kisha akasema taratibu kama mtu anayesali, “Dada, tujaribu hivi.” Mwalimu Akuol alimpenda, ila siku ile alikuwa amechoka. Watoto walizunguka kitabu kimoja, na Apajok alisoma vizuri pale kwenye duara, lakini akiitwa mbele na kupewa kitabu peke yake, alikwama kabisa.

“Huyu ananichezea, mama. Kesho namrudisha darasa la kwanza.”

Mama wa Kusoma alikichukua kitabu mikononi mwa mtoto, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Apajok akasoma ukurasa wote bila kusita. Mwaka mzima alikuwa akikaa ng’ambo ya kitabu, akiyaona maneno kichwa chini.

Akuol akashika mdomo. “Umejuaje, mama?”

“Hata mimi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nilikaa upande huo. Mpaka leo nikiwa peke yangu naigeuza Biblia hivyohivyo, na Mungu hajanilaumu.”

Akuol hakucheka. Alimwachia darasa, akaenda darasa la kwanza kumchukua Riang, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimrudisha huko muhula uliopita, kwa kuwa naye alikuwa akikaa upande uleule wa kitabu.