Maman Nsimire hakuwahi kuniomba hata kiti

Kosa ambalo wengi wenu mmelifanya tangu jana, hapa mtandaoni, ni kuandika kwamba Maman Nsimire alikuwa na mkono wa kutoa. Siamini bado kwamba tumemzika, lakini hilo siwezi kuliacha lipite. Nsimire hakuwa mtoaji. Alikuwa mwombaji, tena mwombaji mkubwa kuliko wote niliowajua hapa Bukavu.

Mnivumilie nieleze. Nilifundisha naye katika shule moja hapa Ibanda, mimi Kifaransa, yeye jiografia, hadi nywele zetu zikabadilika rangi. Na tangu mwanzo nilimwonea wivu. Nasema wivu. "Nilimheshimu sana" waachieni wasoma hotuba.

Wanafunzi waliposikia hatua zangu walinyamaza. Waliposikia zake walikimbia kumpokea mfuko. Ninyi mliokuwa darasani mnajua.

Avenue yetu inaanzia kwenye lami, penye nyumba za mageti, inapanda hadi kwenye nyumba za mbao, kule udongo unakoteleza kila mvua ikinyesha. Mimi nakaa chini. Yeye alikaa katikati. Kila mara nilimwona akipanda mikono mitupu na kushuka na kitu: chumvi kwenye kipande cha karatasi, mwiko, kaa la moto.

Kaa la moto! Mwanamke mwenye jiko la gesi!

Siku moja nilimsimamisha. "Maman Nsimire, kule juu watu wanalala njaa, na weye unaenda kuwaomba chumvi? Haya hauna?"

Akacheka. "Papa Prof, mutu akikuomba kitu, anakuona uko na kitu. Weye unapeleka mufuko ya bunga, unaacha ku mulango, unashuka. Wanakuona sawa mvua: inanyesha, inaenda."

Mvua! Mimi, niliyebeba unga ule kwa mgongo wangu mwenyewe.

Kuna siku moja mwezi wa kumi ambapo watu wa nchi nyingi hukusanyika kusema kwamba ufukara si majaliwa ya mtu yeyote. Kila mwaka, siku hiyo, Nsimire alikusanya avenue nzima kwenye kiwanja cha juu. Hakukodi viti. Alipita nyumba za mbao, moja baada ya nyingine, akiomba kila nyumba imkopeshe cha kukalia: kigoda, benchi, hata bidoni la maji lililopinduliwa.

Utaratibu ulikuwa huu: hakuna aliyekalia kiti chake. Ukitaka kukaa, unamwendea mwenye kiti, unamwomba. Na wenye viti ndio waliosema kwanza. Sisi wa lami tulisikiliza.

Mwaka mmoja nilipandisha viti vyangu vya sebuleni, vya libuyu, mbao ya bei, vimepigwa vanishi. Kabla mkutano haujaanza, vilikuwa vimerudi getini kwangu. Nikamfuata hadi kiwanjani, napumua kwa shida.

"Viti vyangu vina kasoro gani?"

"Biti byako biko bizuri sana, Papa Prof. Lakini nilikuomba?"

Nikageuka kuvitazama vigoda vilivyopangwa.

"Weye unajua kutoa," akasema, polepole, kama anayenipa masahihisho. "Kuomba, haujajua bado."

Wamama wakapiga vigelegele. "Yooo! Prof amepata zéro!"

Basi nilisimama, nimeegemea ukuta, hadi mwisho. Na kila mwaka baada ya hapo nilisimama.

Mkutano ukiisha, alizungusha simu yake tuone picha za siku hiyo hiyo kwingineko. Watu wa Manila uwanjani. Watu wa Dublin chini ya miavuli. Watu wa Lima na mishumaa. "Muone," alisema, "hatuko peke yetu." Halafu picha ya vigoda vyetu nayo ikasafiri, na huko mbali mtu akajibu kwamba safari ijayo wao pia wataacha viti vya kukodi, wataomba nyumba kwa nyumba.

Mimi nimewasilisha mada kuhusu umaskini katika hoteli nzuri, kipaza sauti mbele yangu. Hakuna aliyewahi kuniandikia neno. Vigoda vya Nsimire vimevuka bahari. Niambieni nilale vipi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: aliomba kwa kila mtu, na kwangu hakuomba hata kiberiti.

Jana, kwenye kilio, familia ilikodi viti vya plastiki. Mimi nikapewa mstari wa mbele, kama inavyofaa. Kisha watu wa juu wakashuka, kila mmoja na kigoda kichwani. Hakuna aliyewaita. Wakavipanga uani.

Dada yake Nsimire akawa wa kwanza kuinuka kwenye plastiki na kwenda kuomba. Wengine wakafuata. Nikabaki peke yangu mbele, kama msimamizi wa mtihani ambao hakuna mwanafunzi aliyekuja.

Nikainuka. Nikamwendea Maman Zawadi, anayebeba mizigo bandarini, ambaye mlango wake naujua kwa unga tu. Sauti ilitoka ndogo. "Maman, naomba kiti."

Akanitazama. "Yee! Papa Prof! Leo na weye?"

Akavuta kigoda kilichokuwa nyuma yake, akakifuta kwa kitenge. "Hii njo yako. Maman Nsimire aliniomba niichunge. Alisema: hii musimupatie mutu, Prof atakuja kuiomba. Kila mwezi ya kumi tunaileta, inabakia bule."

Ni kifupi. Magoti yangu karibu yaguse kidevu. Nililia nikiwa nimekaa pale, na Maman Zawadi akanishika bega.

Nsimire, wivu haujaisha. Hata kiti cha kukulilia umenitafutia wewe, na darasa lote limekufuata. Lala, dada yangu. Udongo wa kilima chetu ukushike vizuri, usiteleze.

Na ninyi mnaosoma: leo, kabla jua halijatua, nendeni kwa jirani yule mliyezoea kumpa, mkamwombe chumvi.