Fundi wa Naviundu na Fishi ya Rangi ya Machungwa

Kabla ya kufungua motokari ya ibridi, inayotumia petroli na umeme, fundi wa Naviundu anavua saa na pete, anatia ufunguo wa motokari mfukoni mwake, anachomoa fishi, yaani plagi, ya rangi ya machungwa inayokata umeme mkubwa wa batri, halafu anakaa dakika kumi bila kufanya kitu. Sijaona mtu mzima anayejua kukaa hivyo! Siku hiyo motokari yetu ilikataa kuwaka, Mama alikuwa na nyanya za kupeleka sokoni Kipushi, na garaji nyingine ilishamwambia batri imekufa. "Papa fundi, fanya mbio!" "Mama, umeme ungali ndani. Mimi niko na batoto." Kisha akavaa glavu, akapima waya mwembamba wa usalama kipande kwa kipande, akitaja kila namba kwa sauti ndogo. Waya huo ukiachia mahali popote, motokari inakataa kuwaka. Wote ulikuwa mzima. Ikabaki fishi yenyewe. "Nani alisafisha batri?"

Dereva wetu, Yaya Mbusa, tunayemwita yaya kama kaka mkubwa, akainama. Alikuwa ametoa vumbi, akarudisha fishi, lakini kishikio chake hakukishusha mpaka mwisho. Fundi hakumcheka. Alimpa glavu zake. "Shusha weye mwenyewe, usikie." Ikalia tak. Fundi akamrudishia Mama ufunguo, naye akabonyeza kitufe cha kuwasha. Injini kimya. "Haiwaki!" "Iko inawaka, mama, kwa umeme, haipigi kelele. Achilia freni." Nyanya zetu zikaondoka bila sauti.