Sindano Mbili za Mtamba

"Hiyo ya ugonjwa sitaki, daktari. Ugonjwa ninao tele nyumbani. Mdunge hiyo ya dawa peke yake."

Ndivyo alivyosema jirani yangu mjane pale joshoni Matsangoni, kamkumbatia mtamba wake shingoni. Ndigana, ile homa iletwayo na kupe, ilimmalizia ng'ombe wote, kabaki na huyo mmoja.

Daktari wa mifugo akacheka. "Mama, hii ya kwanza imetoka kwa kupe waliosagwa. Hii ya pili yaushika ugonjwa usimuue. Mwili ukishaujua, basi."

Mjane akakubali, akafumba macho yeye badala ya ng'ombe.

Tangu hapo kila alfajiri akampapasa chini ya masikio, maana ndigana huanza kwa uvimbe hapo. Siku ya kumi akaniita, "Dada, pamevimba!" Tukakaa kama wafiwa. Siku ya tatu baada ya hapo uvimbe ukanywea, mtamba akataka majani.

Mimi tangu utotoni nawabandua kupe na kuwachoma motoni. Kumbe wajuzi wamemkamua kinga mdudu yule yule! Juzi nikamwona mmoja sikioni mwa mtamba, kanenepa. Nikanyoosha mkono.

"Mwache anywe, dada," akasema mjane. "Hana la kumfanya."