Kiti cha Baba yake Agustina

Waitara alikuwa ameshakikalia. Mchana kweupe, mbele ya Nyamwaga nzima, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kilichotengwa kwa ajili ya baba wa msichana, mtu huyo amekunja nne kwa raha zake. Ana suti, ana saa, haya hana. Rhobi alisimama kwenye lango la uwanja wa kanisa, fimbo mkononi, damu ikampanda mpaka masikioni.

Baba! Baba wa wapi?

Watu wa Nyamwaga hawahitaji kuelezwa, lakini wageni walikuwepo, basi tuseme. Rhobi hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki boma lilikuwa linakwenda kufungwa. Akafanya wanavyofanya Wakurya: akatoa ng'ombe wake mwenyewe, akamwoa Ghati. Ndiyo, mwanamke kamwoa mwanamke, nyumba ntobhu, na asiyependa akanywe maji. Watoto wa Ghati ni wa boma la Rhobi, na mwanamume anayeitwa kusaidia hiyo kazi hana lake. Mwanamume mwenyewe ndiye Waitara. Alikuja, akala nyama, akaenda zake, na mtoto alipozaliwa hakuleta hata kipande cha sabuni. Mtoto huyo ni Agustina, anayesomea udaktari, na sherehe ilikuwa yake: ameshinda tuzo ya utafiti kwa wanafunzi wa udaktari wanaoshughulika na matibabu ya saratani.

Na huo utafiti umetoka wapi? Kwa mama yake. Ghati alipata saratani ya mlango wa kizazi, akapelekwa kupigwa mionzi katika hospitali kubwa, mbali, safari ya kutwa. Wanawake aliolazwa nao walikuwa wakiacha tiba katikati mmoja mmoja, kwa kuwa waume hawaonekani na nyumbani watoto wanalia. Ghati hakuacha. Kuna mtu alilala sakafuni kando ya kitanda chake, akamwogesha, akamnywesha uji, akamgombeza kila aliposema anataka kurudi nyumbani. Siku moja wauguzi wakauliza, "Mume wa huyu mgonjwa yuko wapi?" Rhobi akajibu, "Mimi ndiye." Wodi nzima ikaangua kicheko. "Chekeni," akawaambia, "mkimaliza mniletee maji ya moto." Ghati aliishi mpaka akamwona binti yake akiingia chuo, ndipo ugonjwa ukamrudia na kumchukua.

Sasa Vincent, mwalimu wa kwaya aliyepewa kazi ya kusherehesha, akakamata kipaza sauti. "Ndugu zangu! Agustina amegundua kwamba mgonjwa mwenye mtu wake wa karibu ndiye anayemaliza mionzi! Na amewasimulia waliompa tuzo habari za baba yake, aliyelala sakafuni wodini akimuuguza mama. Baba, simama tukuone!"

Waitara akasimama. Tena akapunga mkono! Vigelegele vikapigwa, na mpiga picha aliyetumwa na watu wa tuzo akasogea mbele.

Loo! Rhobi alipita katikati ya viti, watu wakampisha wenyewe.

"Toka hapo."

"Shikamoo, mama," Waitara akasema akijichekesha.

"Shikamoo yako weka mfukoni. Kitanda cha Ghati kilikuwa dirishani au mlangoni?"

Waitara akakohoa. Akaangalia saa yake. "Mama, mimi sikujileta. Agustina mwenyewe ndiye aliyenialika."

Maneno hayo yalimkata Rhobi maini. Akamgeukia msichana. "Ni kweli?"

Agustina aliinamisha kichwa. "Bibi, chuoni wangenicheka. Walipouliza nani alimuuguza mama, nikasema baba. Wakataka apigwe picha. Ningewaelezaje?"

"Wakucheke wewe!" Rhobi alipaza sauti mpaka mbwa wa padri akaondoka. "Mimi nilichekwa mama yako akiwa kitandani, ananisikiliza nitasema nini. Nikasema ni mke wangu. Wewe umesoma, umeshiba, una tuzo, na bado unakiogopa kicheko? Usiku ule wote niliolala kwenye saruji umemgawia huyu, ambaye hata kaburi la mama yako halijui lilipo?"

Hakuna aliyepiga kigelegele tena. Agustina alikuwa analia. Akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kwa Vincent.

"Nilidanganya," akasema. "Aliyelala sakafuni ni bibi huyu. Mama yangu aliolewa na yeye. Yeye ndiye baba niliyemtaja."

Waitara alikuwa keshashika njia ya barabarani. Nyuma kabisa, kwenye viti vya wageni, mtu akacheka kwa pua, na Agustina akanyamaza, macho yamemtoka.

Rhobi akakaa kwenye kiti, akalaza fimbo magotini. Hakutabasamu.

"Sema tena," akamwambia. "Yule anayecheka kule nyuma hajasikia vizuri."