Ndagala wa Uvira, Usipa wa Lumbadzi

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa ziwa, Uvira, mkuu wa maabara alinipa ndagala mmoja, dagaa wetu wa Tanganyika. "Pitisha kidole kwa tumbo," akasema. Nilihisi vijino kama vya msumeno. "Hiyo njo alama ya ukoo wa bahari. Zamani sana bahari iliingia bara. Ilipotoka, babu zake bakabakia mu mito, bakazoea maji matamu, mpaka bakafika huku." Nilikuwa nimekula ndagala tangu utotoni. Siku ile nilimpitisha kidole tena na tena.

Nilifanya kazi chini yake mpaka vita vya pili vya nchi yetu vilipotukimbiza. Cheti changu kilibaki kabatini. Nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ugenini, nikaanza kushona nguo.

Asubuhi moja, soko la Lumbadzi, nikaona usipa, dagaa wa ziwa la huko, wakiuzwa kwa vikombe. Umbo lilelile la ndagala, mng'ao uleule. Nikapitisha kidole tumboni: laini kabisa. Hakuwa wa bahari huyu. Ni wa ukoo wa mitoni, na maji mapana ya ziwa yamemchonga mpaka akafanana na mgeni wa bahari. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Sikuweza kunyamaza. Nikapanda minibasi hadi Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, nikaingia ofisi ya samaki. Afisa mkuu alikuwa amesomea Tanzania, Kiswahili alikijua; akanisikiliza nikimweleza habari ya usipa na kuomba kazi.

"Cheti, amayi?" akauliza, akiniita mama kwa lugha yao.

"Kilibaki Uvira, bwana."

Akaweka mezani chupa mbili zisizo na lebo, samaki mmoja mmoja ndani ya dawa. "Hawa ni ndugu?"

Walikuwa kama mapacha. Nikahesabu miiba ya pezi la chini. "Hapana. Bote banakwangua ukoga wa kijani kwa mawe, njo maana midomo inafanana. Lakini huyu iko na miiba sita, ule mitatu. Wa miiba sita ni wa kwetu, Tanganyika."

Akahesabu mwenyewe. "Nitakuombea kibali cha kazi."

Miaka mingi nilipanga chupa zake. Siku ya kustaafu kwangu akaniuliza nataka zawadi gani. Nikamwambia ziwa lenu sijawahi kuliona. Akanipeleka Salima, ufukweni, kwa gari lake.

Niliingia majini mpaka magotini, kando ya mawe. Dawa ya chupani hufuta rangi. Samaki wote wa ziwa lile niliwajua wakiwa kahawia. Sasa walinizunguka, wa buluu, wa manjano, wa michirizi myeusi. Nikawaita kwa majina yao, mmoja mmoja, nikilia.