Taya za Bwana nilizoweka juu ya moshi

Wakuu wa baraza, hamjambo nyote. Bwana asifiwe.

Wewe unayesoma, nakuambia hii kama rafiki yangu tumekaa jikoni na mlango umefungwa. Sitaongeza chumvi. Mungu ananiona.

Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka yangu imepita arobaini. Kusoma nilijifunzia masomo ya jioni pale kanisani, kwa hivyo mkiona maneno yamepinda, mnivumilie tu.

Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, nilikuwa napika kwa shamba la mzungu mmoja, juu ya Molo ukielekea Keringet. Mume wangu serikali ilikuwa imeshamchukua, yuko kambini kizuizini. Nimebaki mimi na watoto.

Bwana, huyo mzungu, akaenda kwao Ulaya likizo ndefu. Gari akalipandisha juu ya mawe, akafungia magurudumu yake kwa gereji. Lakini alikuwa na taya nne mpya, matairi ya spea, hazina rimu ya chuma, na gereji ilikuwa inavuja.

Akaniita. "Mama Nyambura, hizi ni juu yako. Nikirudi nizikute vile ziko."

Wakuu, huo ulikuwa mzigo. Mnajua watu wa msituni walikuwa wanakata taya kutengeneza viatu. Taya ikipotea shambani, hakuna mtu anauliza mwizi ni nani. Wanauliza ni nani anapelekea msitu. Na mimi, bibi ya mtu wa kambini, nitajibu nini?

Nikachagua mahali ambapo macho yangu yako kutwa. Dari ya jikoni.

Huku kwetu ni baridi na ukungu, kila kitu kinaota kuvu. Mbegu ya mahindi tunaweka juu ya moto, moshi unafukuza wadudu, haiozi. Nikaona taya ni hivyo hivyo. Tena kila Jumamosi nilikuwa nazipaka mafuta ya kupikia, zing'are kama viatu vya ibada.

Hata mnyapara wetu, Mzee Kibet, alikuja akaangalia juu akacheka. "Mama Nyambura, umezilaza vizuri kuliko mimi ninavyolala!"

Mwaka ukapita, na zaidi. Kila asubuhi nikiamka, kabla ya kuwasha moto, naangalia juu. Ziko. Nasema asante Yesu.

Siku moja nikapata kipande cheusi chini, kirefu kama wayo wa mtu. Nikafikiri ni masizi yameshikana. Nikafagia, nikatupa kwa shimo la takataka, na shimo likachomwa.

Wiki hiyo hiyo hom-gadi, wale askari wa kijiji wa serikali, wakaingia kupekua.

Ilikuwa asubuhi, nina unga mikononi. Walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu, anatabasamu. Akazishusha taya moja moja. Ya tatu akaigeuza mara mbili.

"Mama. Hapa kumekatwa."

"Hapana, afande."

"Hapana nini? Soli ya mtu mzima imetoka hapa. Ni ya nani? Ama unapima bwanako viatu vya kurudi nyumbani?"

Wenzake wakacheka. Mzee Kibet alikuwa mlangoni, hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

"Kipande kilianguka chenyewe, nikakitupa."

"Kiko wapi?"

"Kilichomwa."

"Ah! Kilichomwa!" Akageukia wenzake. "Huyu tunashuka naye Nakuru akahojiwe. Vaa sweta, mama."

Nyambura wangu alikuwa amesimama nje na mdogo wake mgongoni. Nilimwona kupitia dirishani. Hakulia. Alikuwa ananiangalia midomo tu, akingoja nitasema nini.

Nikaomba kwa moyo, maneno mawili tu: Bwana, nisaidie.

Ndio nikaona. Pale palipobanduka, nyuzi za ndani zilikuwa nzima. Hakuna hata moja imekatika.

"Afande, kisu kingekata nyuzi. Angalia."

"Umebandua ya juu na kisu kidogo."

Basi nikajua ni nini imebaki. Zile zingine tatu. Kama ni moto umeziharibu, umeziharibu zote, na nikionyesha hivyo, nimejitoa kazini kwa mkono wangu mwenyewe. Nikainua moja, ile ilionekana nzuri kabisa, nikaiweka mbele yake.

"Kanyaga hii. Kanyaga na nguvu."

Akaniangalia. Akakanyaga, akaivuta ukingo juu. Ikalia kama ukoko wa ugali. Nyufa zikafunguka pande zote, na kipande kikadondoka kwa buti yake.

Akakiokota, akakivunja kwa vidole.

"Mzee," akamwambia Kibet, "mama yenu amepika taya." Wakaondoka. Nilikaa chini hapo hapo kwa sakafu.

Bwana aliporudi alizigusa taya moja moja. Kesho yake niliambiwa niende kuchuma maua ya pareto shambani, jikoni amepata mwingine. Nikaenda. Mgongo uliuma, lakini jioni nililala na watoto wangu wote wanne.

Sasa wakuu, shikeni hii. Taya haitaki moto, haitaki moshi, haitaki jua, haitaki mafuta. Ioshe na maji, ikauke vizuri, uifunike gunia mahali pa baridi, giza na pakavu. Isiyo na rimu isimamishe, na uwe unaigeuza isikae upande mmoja.

Kubwa zaidi: ukiachiwa kitu cha mtu na hukijui, uliza anayekijua kabla hajaenda. Mimi niliona haya kuuliza.

Aliyewahi kuachiwa mali ya mtu siku zile za hofu, aseme hapa tujue hatukuwa peke yetu. Na wewe uliyefika mwisho, nakuomba usikae nayo. Mpelekee mama mwingine anayetunza vitu vya watu, na kama hajui kusoma, keti umsomee.